Joto la Ukutani: Maswali kwa Mhandisi Anayepima Nyumba Zenye Watu

Kaskazi ikianza kuvuma, barua za wasomaji kuhusu nyumba hubadilika. Haulizi mtu tena habari za nyufa wala choo kinachovuja. Wote ni joto. Safari hii tumechagua maswali yanayogusa ukuta wenyewe na kumpelekea mhandisi wa majengo ambaye kazi yake ni kubandika vihisi katika kuta za nyumba ambazo wenyewe wamo ndani, wanapika, wanalala na kugombania rimoti.

Sebuleni kipimajoto kinasema nyuzi 30. Chumbani nako 30. Lakini sebuleni nipo sawa, chumbani naokwa. Kipimajoto ni kibovu?

Si kibovu, umekiuliza nusu ya swali. Kipimajoto kilichoning'inizwa kinakueleza habari za hewa. Mwili wako, pamoja na hewa, unabadilishana joto na kila uso unaotazamana nao: kuta, dari, sakafu, kioo cha dirisha. Joto la namna hiyo husafiri kwa mnururisho, halisubiri kubebwa na hewa. Ukuta wa chumbani ukiwa na nyuzi 35 na dari 38, umelala katikati ya nyuso zinazokumiminia joto, hata kama hewa baina yenu imetulia kwenye 30.

Na mnururisho ndio mkubwa. Kiwango cha kimataifa ISO 6946, ambacho wahandisi hukitumia kukokotoa joto linalopita ukutani, kinachukulia kwamba kwenye uso wa ndani wa ukuta, kwa kila nyuzi moja ya tofauti, hewa inayopanda na kushuka yenyewe hubeba wati 2.5 kwa mita ya mraba. Mnururisho, kwa ukuta wa kawaida uliopakwa rangi na chumba chenye nyuzi 20, hubeba wati 5 na ushee. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, hesabu hiyo ya mnururisho inapanda hadi karibu 5.7. Kwa hiyo zaidi ya theluthi mbili ya habari haimo katika kipimajoto chako.

Sasa ninyi mkija mnapima nini hasa?

Vitu vitatu kwa wakati mmoja: halijoto ya uso wa ukuta, halijoto ya chumba (hewa na nyuso nyingine), na wati zinazovuka uso huo. Ukigawanya wati kwa tofauti ya halijoto unapata uwezo wa uso kupitisha joto. Kitabu kinasema ni takribani 7.7, au ukiigeuza, ukinzani wa 0.13. Kwa dari inayomwaga joto kuelekea chini ukinzani ni 0.17, kwa sababu hewa moto hupenda kukaa juu na haina hamu ya kushuka.

Hesabu ndogo ili uone uzito wake. Ukuta wa magharibi una nyuzi 34 saa mbili usiku, chumba kina 30. Tofauti ni nyuzi nne, mara 7.7 ni wati 31 hivi kwa mita ya mraba. Ukuta wa mita kumi za mraba unakumwagia wati 300 na kitu. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa takribani wati 100. Kwa hiyo umelala na wageni watatu usiowaona, na hawaondoki kabla ya usiku wa manane.

Hiyo 7.7 ni ya chumba kilichotulia, hakuna feni, hakuna kabati lililosukumwa ukutani, hakuna pazia zito. Ni namba ya makubaliano, na kwa kuchora ramani ya nyumba mpya inatosha. Nyumba yenye watu haitulii. Feni ikiwaka, sehemu inayobebwa na hewa inaweza kupita maradufu. Kabati likisogezwa ukutani, sehemu zote mbili zinaporomoka. Ngozi ile nyembamba ya hewa kati ya ukuta na chumba inaendeshwa na maisha ya wenye nyumba, ndiyo maana sikubali kupima nyumba iliyohamwa halafu nikaandika ripoti kana kwamba nimepima nyumba ya watu.

Ile bastola ya kupimia joto tuliyoizoea wakati wa Korona haitoshi? Nunua, elekeza ukutani, maliza.

Ile ya Korona iache, imetengenezwa kwa paji la uso na ndani yake kuna marekebisho ya kubahatisha joto la mwili. Ipo nyingine ya mafundi wa viyoyozi na umeme, hiyo inafaa kwa uchunguzi wa mwanzo. Mimi mwenyewe naingia nayo kila nyumba. Lakini ijue tabia yake.

Kwanza, ule mwanga mwekundu hauonyeshi eneo linalopimwa. Kama imeandikwa 12 kwa 1, basi ukiwa umbali wa mita 3.6 inasoma wastani wa duara la sentimita 30. Ukilenga kona ya dirisha umesoma ukuta, fremu na kioo kwa mpigo.

Pili, haipimi halijoto, inapima mnururisho na kukisia. Rangi, lipu, mbao na zege hutoa mnururisho karibu sawa na kipimo kilichowekwa kiwandani cha 0.95, hivyo hapo kisio ni zuri. Elekeza kwenye fremu ya alumini au karatasi ya kung'aa, nayo itakusomea sura ya vitu vilivyo mbele yake, wewe mwenyewe ukiwemo. Dawa ni kubandika kipande cha utepe wa karatasi wa mafundi rangi, subiri dakika chache, kisha soma utepe.

Tatu, nyingi za bei nafuu hukosea nyuzi moja na nusu hadi mbili. Kama tofauti unayoitafuta ni nyuzi nne, kosa la mbili ni nusu ya jibu. Unaweza kusema ukuta huu una joto kuliko ule. Kusema unatoa wati ngapi, hapana.

Hizo wati mnazipataje basi?

Kwa kisahani. Ni duara la plastiki ngumu, mara nyingi lenye kipenyo cha sentimita 8 na unene wa milimita 5, na ndani yake kuna mamia ya maungio ya metali mbili tofauti. Mwaka 1821 Thomas Seebeck alionyesha kwamba metali mbili zikiunganishwa na maungio yakawa na halijoto tofauti, umeme unazaliwa. Joto likivuka kisahani, uso mmoja unakuwa na joto kidogo kuliko mwingine, na umeme mdogo sana unatokea. Visahani vingi vya aina hiyo hutoa takribani maikrovolti 60 kwa kila wati moja ya mita ya mraba. Zile wati 31 za ukuta wetu ni milivolti 1.9. Kidogo, lakini kinasomeka.

Kubandika ndiko kazi ilipo. Nitakawia kidogo kwenye jambo hili kwa sababu ripoti nyingi mbovu huanzia hapa.

Ukiacha mwanya wa hewa wa milimita moja nyuma ya kisahani, mwanya huo una ukinzani wa karibu 0.04. Ukuta mzima wa tofali la saruji la inchi sita, pamoja na ngozi zake za hewa ndani na nje, una kama 0.32. Umeshaongeza zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa uvivu wa kubandika, na joto litapita pembeni ya kisahani badala ya kupita ndani yake. Kisahani chenyewe kinaongeza kama 0.006, hilo si tatizo. Ukuta uliopigwa skimu ukawa laini unanyooka vizuri; ukuta wa lipu ya chenga unahitaji kitu laini cha kujaza mwanya. Wapo wanaotumia gundi ya silikoni, lakini ng'oa gundi hiyo kwenye nyumba ya mtu uone utakavyoagwa. Mimi naweka utepe wa karatasi kwanza, juu yake plastiki nyembamba ya kufunikia vyakula, kisha mafuta mazito ya kupaka, halafu kisahani, na utepe mwingine kuzunguka kingo.

Uso wa mbele wa kisahani nao lazima ufanane na ukuta. Kama ukuta umepakwa rangi ya kawaida na wewe umefunika kisahani kwa utepe wa kung'aa, umezima mnururisho, yaani umezima sehemu kubwa ya kile ulichokuja kukipima.

Kabla ya yote hayo natembeza kamera ya joto ukutani usiku. Inaonyesha nguzo ya zege iliyojificha nyuma ya lipu, linta juu ya dirisha, mistari ya saruji kati ya tofali na tofali, bomba la maji. Kisahani kisikae juu ya kimojawapo, wala karibu na kona, wala mahali jua linapopenya dirishani japo kwa robo saa.

Shikamoo mhandisi. Mimi nina watoto wanne, mama mkwe na wapangaji uani. Mkija kupima tutahama au tutakaa kimya kama msikitini?

Marahaba. Msihame, na msikae kimya. Mkibadilisha maisha yenu kwa ajili yangu, nitaondoka na takwimu za nyumba nyingine.

Ninachoomba ni kidogo. Ukuta ule usiegemewe godoro wala kutundikwa nguo. Kisahani nakiweka juu kidogo ya mkono wa mtoto wa miaka mitano, na nyaya nazipitisha juu ya fremu ya mlango, si chini ambako ufagio unapita kila asubuhi. Kinasa data kinatumia betri zake chenyewe, kwa sababu umeme ukikatika au LUKU ikiisha usiku ndipo hasa ninapotaka kuona chumba kinafanya nini bila feni. Kile kitaa chake kinachomweka nakiziba. Watu hawalali vizuri na kitu kinachowakonyeza gizani, na mama mkwe asipolala vizuri mradi umekwisha.

Naacha na daftari pia: feni iliwashwa lini, dirisha lilifunguliwa lini, wali ulipikwa ndani au nje. Huandikwa kwa bidii siku ya kwanza. Siku ya nne kurasa ni nyeupe, wala silaumu. Bahati nzuri mchoro wa kisahani unajieleza: feni ikiwashwa, wati zinaruka ndani ya dakika chache, dirisha likifunguliwa jioni, halijoto ya hewa inashuka kabla ya ukuta kujua lolote.

Na kwa sababu mchoro unajieleza hivyo, una siri zenu. Nikiutazama najua mnalala saa ngapi na siku gani nyumba ilikuwa tupu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo yake ya mwaka 2019. Anayekuja kubandika vihisi akwambie data inakwenda wapi, nani ataiona na itafutwa lini, na akupe kwa maandishi. Mpangaji wa uani naye aulizwe mwenyewe. Ruhusa ya mwenye nyumba haimvui faragha yake.

Nimesoma kwamba siku tatu zinatosha kupima ukuta. Kweli?

Hizo siku tatu, yaani saa 72, zimo katika kiwango cha ISO 9869-1 kinachoeleza namna ya kutumia kisahani kwenye jengo lililopo. Ndio muda wa chini kabisa, na kwa masharti: halijoto iwe tulivu, na jibu la mwisho lisitofautiane na la saa 24 zilizotangulia kwa zaidi ya asilimia 5. La sivyo unaendelea, wiki nzima au zaidi.

Njia hiyo ilizaliwa kwa nchi za baridi. Ndani nyuzi 20, nje 5, usiku na mchana joto linakwenda upande mmoja tu, kutoka ndani kwenda nje. Unachukua wastani wa wati, unagawanya kwa wastani wa tofauti, basi. Ijaribu Tanga mwezi wa pili. Mchana nje ni 32, ndani 30. Alfajiri nje 25, ndani 28. Asubuhi ukuta unanyonya joto la chumba, usiku unalirudisha, na ishara ya kisahani inabadilika kutoka kujumlisha kwenda kutoa. Ukitafuta wastani, juu na chini vinakaribia kufutana, na unabaki ukigawanya kitu kidogo kwa kitu kidogo. Jibu linaweza kutoka lolote.

Kwa hiyo pwani hatutafuti wastani. Tunafuata wimbi lenyewe: linaingia nje saa ngapi, linatokea ndani saa ngapi, limepungua kiasi gani. Hapo kunahitajika kihisi nje pia, wiki moja au mbili za data, na kompyuta ya kulinganisha mchoro uliopimwa na ule wa kukokotoa. Kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mfululizo njia ya wastani inarudi kuwa na maana, maana hapo joto lina upande mmoja.

Kwa nini chumba kinazidi kuwa moto saa mbili, saa tatu usiku, na jua lilishazama zamani?

Kwa sababu ya wimbi hilohilo. Joto huchukua muda kuvuka ukuta. Kwa tofali la saruji la sentimita 15, kilele kilichopiga nje kinatokea ndani baada ya saa nne hadi tano, kikiwa kimebakiwa na kama theluthi moja ya nguvu zake. Ukuta wa magharibi huchomwa zaidi saa tisa na saa kumi alasiri. Jumlisha mwenyewe: kilele kinakukuta unatandika kitanda. Ukuta huo ni pasi iliyochomolewa kwenye umeme, haijui kwamba umemaliza kupiga.

Kuta za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, zenye nusu mita na zaidi, zina mambo mengine. Wimbi linachukua kama saa 16 kuvuka, na likifika limebakiwa na asilimia chache tu, karibu halipo. Uso wa ndani unakaa siku nzima karibu na wastani wa halijoto ya siku, kwa hiyo mchana ni wa baridi kuliko hewa. Usiku wa manane haupoi sana pia, ndiyo maana wakubwa walipanda kulala juu ya paa. Waliojenga zile nyumba hawakuwa na visahani, lakini walijua chumba gani cha saa ngapi.

Basi nikijenga upya, ukuta mzito au mwepesi?

Niambie kwanza utakuwa chumbani saa ngapi. Chumba cha kulala kinataka uso unaopoa haraka jua likizama; mzito wa wastani, yaani tofali tupu la saruji, ndio mbaya kuliko yote kwa kazi hiyo. Huko Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba za majaribio za familia kwa kuta nyepesi zinazopitisha hewa, za mbao, mianzi na wavu wa kivuli, baadhi zikiwa na ghorofa, na watafiti wakafuatilia halijoto na mbu humo watu wakiishi. Sababu yao ilikuwa malaria: chumba kikichemka, mtu hukiacha chandarua.

Lakini kabla ya kubomoa ukuta, tazama juu.

Juu kuna jipsamu mpya. Shida iko wapi?

Bati lililochakaa likipigwa na jua la mchana hupita nyuzi 60. Linanururisha kuelekea chini, jipsamu inapokea, na uso wake wa chini unakutazama wewe. Kumbuka dari inayomwaga joto chini: hewa hubeba wati 0.7 tu kwa kila nyuzi, mnururisho 5 na zaidi. Karibu asilimia 90 ni mnururisho. Unaweza kuwa na hewa ya kawaida na bado kichwa kinachemka.

Kiwango cha Marekani cha ASHRAE 55, kwa sehemu kikitegemea majaribio ya Profesa Fanger na wenzake wa Denmark, kinaruhusu dari ilete tofauti ya mnururisho isiyozidi nyuzi 5, ilhali ukuta wenye joto unaruhusiwa hadi 23. Watu huvumilia joto la ubavuni kuliko la utosini, kwa mbali sana. Ndiyo maana mtu akiniita nipime ukuta, kisahani cha kwanza nakipeleka darini, hata akinuna.

Habari njema ni kwamba kinachosafiri kwa mnururisho huzuilika kwa uso unaong'aa. Karatasi ya alumini hutoa mnururisho kama sehemu moja ya ishirini ya ule wa bati lenye kutu. Masharti ni mawili: itazamane na uwazi wa hewa, na uso unaong'aa uelekee chini usikusanye vumbi. Nimeiona imelazwa juu ya jipsamu, imegandamizwa na magunia. Hapo ni pambo la panya.

Niko Mombasa, flati ya tatu. Chumba kina AC, nimeiweka 21. Ukungu mweusi unaota koridoni, si chumbani. Fundi anasema bomba linavuja.

Anaweza kuwa sahihi, lakini pima uso kwanza. Koridoni hewa ina nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, jambo la kawaida pwani. Upande wa pili kuna 21. Ukuta wa sentimita 15 baina yao utakuwa na uso wa koridoni wa takribani nyuzi 27. Umande unahitaji 25, hivyo huoni tone. Ila hewa ileile ikigusa uso wa 27, unyevu wake pale pale unafika karibu asilimia 88, na kuvu huanza kufurahi kuanzia 80.

Zaidi ya hapo, kwa hewa ya namna hiyo hata uso wa nyuzi 29 tu unatosha kufikisha 80. Pwani tunaishi ukingoni. Kufungua dirisha la koridoni hakusaidii sana, hewa ya nje ni hiyohiyo. Pandisha AC hadi 25, acha kuanika nguo koridoni, na weka feni ndogo: upepo wake unaifanya hewa ya 30 iupashe ukuta moto, ukinzani wa uso unashuka, ukuta unasogea juu kuelekea 30. Pima tena baada ya wiki. Uso ukipanda na ukungu ukabaki palepale, mwite yule fundi wa bomba.

Nasi wa Leicester je? Ukungu nyuma ya kabati, na mwenye nyumba anasema tunapika sana.

Wasomaji wa Uingereza wana bahati ya kupimiwa sana. Kwa miaka mingi majedwali ya huko yalichukulia kwamba ukuta wa matofali usio na uwazi katikati, wa nyumba zile za zamani za mistari, hupitisha wati 2.1 kwa mita ya mraba kwa nyuzi moja. Mwaka 2015 watafiti wa University College London walichapisha vipimo vya visahani vya kuta kama hizo, wastani ukatoka 1.3. Baadaye jedwali la ukaguzi wa nyumba likashushwa hadi 1.7. Mamilioni ya nyumba zilikuwa zinakokotolewa kwa namba ambayo ukuta wenyewe haukuikubali.

Tuchukue hiyo 1.7. Nje nyuzi 2, ndani 18, unyevu asilimia 60. Uso ulio wazi utakuwa na 14.5, unyevu pale ukutani 75, uko salama kidogo. Sukuma kabati ligusane na ukuta. Mnururisho wa chumba hauufikii tena, hewa haipiti. Kiwango cha ISO 13788 kinachohusu ukungu kinatumia ukinzani wa uso wa 0.25 badala ya 0.13 kwa kufikiria hali kama hizo. Uso unashuka hadi 12 na kitu, unyevu unafika 86. Chapati ni zilezile. Kilichobadilika ni kabati. Livute mbele kiasi cha upana wa kiganja, na kama halina miguu liinulie. Kisha mwandikie mwenye nyumba barua yenye vipimo vya uso, vya hewa na vya unyevu, tarehe na saa. Kubishana na namba tatu ni kugumu kuliko kubishana na mpangaji.

Kwa mtu asiye na fedha za kisahani?

Vipimajoto vitatu vidogo vya kidijitali vyenye waya: ncha ya kimoja ibandikwe ukutani kwa utepe wa karatasi, cha pili kining'inie katikati ya chumba. Cha tatu kitie ndani ya mpira wa tenisi ya meza uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Mpira huo unaonja hewa na mnururisho kwa pamoja, ni ndugu mdogo wa tufe la sentimita 15 alilolieleza daktari Vernon wa Uingereza katika miaka ya 1930. Mpira ukisoma juu ya hewa, kuta na dari zinakuchoma. Zima feni dakika chache kabla ya kusoma, upepo unauvuta mpira kuelekea joto la hewa. Soma alfajiri, saa nane mchana, saa tatu usiku.

Ukibahatika kuazima kisahani bila kinasa data, mita ya kawaida ya fundi umeme yenye kipimo cha milivolti 200 inatosha kwa kusoma kwa jicho. Kila hatua ya tarakimu yake ya mwisho ni kama wati 1.7.

Rangi ikibanduka, nani analipa?

Anayepima. Aandike hivyo kabla hajafungua begi lake, apige picha ya ukuta ulivyo, na ajue mwanzo rangi ni ya maji au ya mafuta. Ya maji juu ya skimu hubanduka na utepe ukikaa kwa joto zaidi ya wiki mbili; ipulizie mvuke wa birika kidogo na uvute taratibu, kuelekea chini.